Kamanda na Upinde wa Magurudumu

Kamanda alikuwa na tabia ya kuhutubia akiwa amevuta upinde. Sungusungu wengine, walinzi wa kijiji kama yeye, kwenye mkutano waliweka pinde zao chini wakakaa na kusikiliza. Yeye alisimama katikati ya uwanja wa ghala la pamba, kizibao chake cha njano cha mgodini kiking'aa juani, akavuta ugwe mpaka shavuni, mshale umeelekea gunia lililojazwa matambara, halafu ndipo akaanza: nani hakwenda doria, ng'ombe wa nani waliingia shamba la nani, kijana gani anatembea saa za fisi. Mkono hautetemeki. Wazee wenye pinde za mti, ambao wakivuta hawamalizi hata salamu kabla bega halijaomba msamaha, walimtazama wamefunga midomo. Watu walisema ana dawa. Yeye hakusema anayo, wala hakusema hana.

Mimi nauza spea za pikipiki kando ya barabara, si mbali na Samuye, Shinyanga, na nyumba yake iko nyuma ya duka langu. Alikuwa mkuu wa sungusungu wetu tangu sijaolewa hapa. Hata mkewe alimwita Kamanda, tena wakiwa wawili tu wanakula. Jina lake la ubatizo nimelisikia mara moja, padri alipolitaja kwenye matangazo, na nusu ya kanisa iligeuka kumtafuta anayesemwa ni nani. Yeye mwenyewe aligeuka pia.

Alikuwa mkali kwa vijana wanaosinzia doria. Kanisani alisinzia kila Jumapili, wima, macho wazi, na akaitikia kila mahali panapotakiwa kuitikiwa. Wezi wa ng'ombe hakuwaogopa, lakini bodaboda hakuipanda hata siku moja. Alisema kitu chenye magurudumu mawili kinachosimama kwa sababu tu kinakimbia si kitu cha kuaminiwa. Nilimwambia upinde wake nao una magurudumu mawili. Akasema huo hakuupanda.

Upinde wenyewe aliutoa Geita. Kwa miaka kadhaa alikuwa mlinzi kwenye nyumba za wageni wa mgodi mmoja, na mhandisi fulani wa kizungu alikuwa na mchezo wa kulenga shabaha nyuma ya nyumba yake jioni. Siku anarudi kwao alimwachia Kamanda upinde, mishale na mfuko wake. Si upinde kama wetu. Ni wa chuma, una gurudumu kila ncha, na nyuzi zinapishana mpaka macho yanachoka. Ukiuona mara ya kwanza unadhani ni kipande cha mashine, unaanza kutafuta kilipobaki kingine.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Upinde wa mti, kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kukukataa. Huu unakataa katikati tu. Ukishaipita ile sehemu nzito, magurudumu yanageuka, uzito karibu wote unaondoka, na unabaki umeshika kitu chepesi kama ndoo iliyokwisha kumwagwa maji. Mtu anaweza kukaa nao hapo akahesabu kuku wake wote. Ndiyo maana Kamanda alihutubia. Kijijini hakuna aliyelijua hili isipokuwa yeye, na baadaye mimi. Hakumdanganya mtu. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Wiki ya kwanza aliuvunja. Kwetu upinde mpya lazima usikilizwe. Mwenyewe anauvuta bila mshale, anauachia, ugwe unaimba, na wazee waliokaa hapo wanasema ni mzuri au wanasema mti ulikaushwa vibaya. Mzungu alikuwa amemwambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, kwamba huu usiachiwe mtupu hata siku moja, kwa sababu nguvu iliyokosa mshale wa kuubeba inaurudia upinde wenyewe. Kamanda alielewa vizuri. Lakini wazee walikuwa wameshafika, wamekunywa togwa, wanangoja. Angewaambiaje kwamba upinde wake hausikilizwi? Akauvuta, akauachia.

Ulisikika. Ugwe ulichomoka, gurudumu moja likapinda, na yeye akabaki na kovu kwenye mkono wa kushoto ambalo mpaka leo linaonekana. Wazee wakasema una sauti kali, wakaaga, wakaondoka.

Gurudumu jingine lilikuja kwa mkono wa dereva wa lori wa Isaka aliyekuwa na shemeji anayejua mtu Nairobi, na lilichelewa kiasi kwamba pamba ililimwa, ikavunwa na ikauzwa. Tulilifunga dukani kwangu kwa jeki ya gari, mikanda ya kufungia mizigo na maombi ya mkewe. Hapo ndipo tulipozoeana hasa, kwa sababu upinde ule hufungwa na kulegezwa kwa alenki, zile spana nyembamba zilizopinda, na seti nzima ya alenki kijiji kizima ninayo mimi. Mume wangu alikwenda Geita kuchimba akaniachia duka, pacha wawili na spana. Vyote nimejifunza kuvitumia.

Miaka miwili baadaye bega langu la kulia lilivunjwa na bodaboda. Aliyenigonga bado ni mteja wangu. Namuuzia breki, na kila akija namsisitiza abadilishe mapema.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikataa kupanda juu ya kifua. Dukani kwangu matairi yananing'inia darini. Ikawa mteja anajishushia mwenyewe, na mteja akishainua mikono juu haridhiki na tairi moja, anayapapasa yote na kuuliza bei ya yote. Daktari wa mjini alinionyesha mazoezi, nikamshukuru, nikarudi nyumbani kuuma meno. Siku moja nilimwita Kulwa, mmoja wa wale pacha wangu, mtoto wa darasa la kwanza, aje anifunge khanga. Alinifunga vizuri tu. Alipotoka nikakaa juu ya boksi la plagi nikalia, na sioni haya kusema, nililia sana.

Kamanda alipita akaniona, akajifanya hakuniona, akarudi kesho yake. Akaangua tyubu mpya ya pikipiki iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaikata bila kuniuliza, akaifunga kwenye nondo ya dirisha. Akasema nivute. Nikamwambia hiyo tyubu ilikuwa bidhaa. Akasema nivute bidhaa.

Ndivyo nilivyoanza. Kabla ya kuugusa upinde nilivuta tyubu ile tangu palizi mpaka mavuno. Yeye alisimama nyuma yangu akikosoa. Kiwiko ndicho kiende nyuma, si mkono uje kwako. Kinachovuta ni mgongo, mkono ni kamba tu. Ukihisi bega linapanda kwenda sikioni, acha, pumzika, anza upya. Asubuhi na jioni, na nikimaliza, ndoo ya maji nusu, mkono umenyooka, nizunguke nayo duka. Wateja wakinikuta navuta dirisha walidhani nina hasira, na wengi waliacha kubishana bei. Hilo nalo lilikuwa faida.

Kisha akanipima. Upinde ule lazima urefu wa mvuto wake ulingane na mikono ya mtu. Akanisimamisha kwenye ukuta wa duka, nikatandaza mikono, akaweka alama za chaki kwenye ncha za vidole. Habari ikafika Geita kabla chaki haijafutika. Mume wangu akapiga simu, akaniuliza ni kweli Kamanda ananipima. Nikasema kweli. Ananipima nini? Nikasema mikono. Akauliza kama nimelipia leseni ya duka. Ilionekana mikono yangu na ya Kamanda inatoshana, hivyo hatukuhitaji kuhamisha kitu, jambo ambalo halikumfurahisha Kamanda.

Siku ya upinde wenyewe nilitaka nivute kwa uzito wake yeye. Sijui nilitaka kumwonyesha nani. Nikavuta, ukakataa pale pale mwanzoni, bega likapiga kelele, nikasonya. Akachukua alenki. Kuna bolti mbili, moja juu na moja chini, zinazoshika mabawa ya upinde. Ukizilegeza, upinde unapoa. Lakini lazima zilegezwe sawasawa, ukiipendelea moja, upinde unakwenda upande kama pikipiki yenye fremu iliyopinda. Akazilegeza kidogo, akanipa, nikashindwa. Akazilegeza tena. Niliona aibu, nikamwambia iache hapo hapo, nitaizoea.

"Shusha mpaka mkono ukubali, Mama Kulwa," akasema. "Watu wanaona mshale. Hakuna anayeiona bolti."

Basi nikashusha. Mkono ukakubali, nikaipita ile sehemu nzito, na uzito ulipoondoka ghafla nilidhani nimekivunja kitu, nikapepesuka, karibu niingie kwenye rundo la vioo vya pikipiki. Hakucheka. Alisema kila mtu hufanya hivyo, hata yeye, na kwamba yeye alianguka kabisa lakini ilikuwa Geita.

Kwa kuwa upinde ulikuwa mmoja, kila somo lilikuwa na kazi ya spana. Tunalegeza kwa ajili yangu, tukimaliza tunakaza kwa ajili yake. Kila baada ya majuma kadhaa tuliongeza uzito wangu kwa robo mzunguko, tena akibisha, maana mimi nilitaka nusu. Alikuwa na subira na bega langu kuliko alivyokuwa na subira na mtu yeyote. Siku niliyoshusha tairi kutoka darini kwa mkono wangu mwenyewe, mteja alikuwa ametaka plagi. Nilishusha tu.

Lakini somo lake kubwa halikuwa kuvuta. Lilikuwa kurudisha. Ukishavuta upinde ule na hutaki kupiga, huwezi kuuachia tu. Ni lazima urudishe ugwe taratibu mpaka ulale, na pale katikati, ule uzito uliokuwa umejificha unarudi wote kwa mkupuo na kutaka kukuvuta mbele ya watu. Alinifanyisha kurudisha mara nyingi kuliko kupiga. Vuta, hesabu pumzi, rudisha. Nilimlalamikia kwamba gunia letu la mazoezi halina hata tundu. Akasema mtu asiyejua kurudisha hana upinde, upinde ndio una yeye.

Na hakuwa anasema tu. Wakati mmoja ng'ombe wa kijiji waliibwa, wakafuatwa kwa nyayo mpaka karibu na Isaka, kule malori yanakolala. Vijana walitaka damu. Kamanda akawatangulia, akawakuta wezi wamekaa wanakula muhogo, akavuta upinde, akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya mama zao. Alizungumza juu ya malezi, ukame, na thamani ya ng'ombe anayenyonyesha. Wezi wakangoja achoke wakimbie. Walingoja sana. Vijana wanasimulia kwamba mmoja wa wezi aliomba afungwe kamba ili mazungumzo yaishe. Kamanda akarudisha ugwe taratibu, akauliza kama muhogo umebaki. Hakupiga mshale hata mmoja, na hakuna mtu maisha yake yote aliyepigwa na mshale wake, isipokuwa mbuzi wa padri, na yule alihama mwenyewe akaja mbele ya gunia.

Sasa nimfikie Shemeji.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, tunayo siku ya kuvuta. Kila sungusungu anasimama uwanjani mbele ya watu na kuvuta upinde wake mpaka shavuni. Anayeshindwa hafukuzwi. Anahama tu kutoka kusimama kwenda kukaa, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa ghala, pamoja na banamhala, yaani wazee, na tangu hapo anatoa ushauri. Hakuna anayelipenda benchi lile. Kamanda hakuitunga sheria hiyo, lakini aliikaza.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Kamanda na msaidizi wake. Walichunga ng'ombe pamoja tangu utoto. Mwaka mmoja bega la Shemeji lilianza kuchoka, naye akajichongea upinde mwembamba wa mti laini, akaja nao siku ya kuvuta, akauvuta vizuri kabisa. Kamanda akaupokea, akaukunja kwa vidole, akasema mbele ya watu wote, "Huu ni wa kuchezea watoto." Kisha akanyoosha mkono kuelekea benchi. Shemeji akaenda akakaa. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumbani kwa Kamanda. Mkewe Kamanda akawa anapika kwa nyumba mbili na kubeba salamu kwenda na kurudi, na nyingine nadhani alikuwa anazitunga njiani.

Mimi nilimuuliza, maana mdomo wangu haujawahi kuvunjika. Nilikuwa nalegeza bolti. Nikasema, mbona mimi unaniambia nishushe, na Shemeji aliposhusha ulimkalisha?

"Wewe unaanza," akasema. "Yeye alikuwa anamaliza."

Nikamwambia jibu hilo silipendi. Akaniambia bolti ya juu imebaki nyuma.

Miaka ikaenda. Bega langu likapona, nikaendelea kuvuta kwa sababu nilikuwa nimeshazoea, na kwa sababu saa ile ya jioni ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza bei. Kisha nikaanza kuona mambo. Tukimaliza somo, badala ya kungoja nikaze, Kamanda akawa anasema niuache tu hivyo hivyo, ataukaza mwenyewe nyumbani. Nikasema sawa. Alenki zilikuwa kwangu. Kesho yake anarudi na upinde, na bolti ziko pale pale nilipoziacha, kwenye uzito wangu.

Baadaye akasema nilegeze kidogo kabla hajaondoka, eti mabawa yapumzike, hali ya hewa ni ya joto. Shinyanga kuna joto tangu dunia iumbwe. Nikalegeza. Sikusema kitu, na mimi si mtu wa kutosema kitu. Jioni nyingine nilimwona anavuta, akifika kwenye ile sehemu nzito anasita kama mtu aliyesikia anaitwa, halafu anapita kwa kujilazimisha. Roho iliniuma. Nilikwenda nyuma ya duka nikahesabu plagi ambazo nilikuwa nimeshazihesabu.

Asubuhi ya siku ya kuvuta, mwaka jana, nilikuwa bado nafungua mlango alipofika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka upinde juu ya kaunta.

"Shusha kidogo," akasema.

Nikamwambia nilishusha juma lililopita. Akasema nishushe tena. Nikachukua alenki, nikaangalia. Yule mhandisi alikuwa ameweka alama ya rangi nyekundu kwenye shina la kila bolti, na Kamanda mwenyewe alinifundisha kwamba rangi ikionekana, hapo ndipo mwisho, ukizidisha bolti inachomoka na upinde unamrukia mtu usoni. Rangi ilikuwa inaonekana, juu na chini.

"Umefika mwisho, Kamanda," nikasema. "Hakuna pa kushusha."

Akainama akaitazama rangi kwa muda. Kisha akapachika mshale, akageukia gunia, akavuta. Alifika nusu. Mkono uliokuwa unahutubia ukaanza kutetemeka, kizibao kikatetemeka nao. Hakulazimisha. Akaurudisha taratibu, vizuri sana, bila kushtuka hata kidogo, kama alivyonifundisha. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi. Nilijifanya nakohoa.

Akakaa juu ya boksi la plagi. Akaja mteja wa oili, nikamwambia arudi baadaye. Halafu Kamanda akasema yeye atakwenda kukaa benchini kama sheria inavyotaka, lakini upinde wa kamanda lazima uvutwe, na hotuba lazima itolewe. Nitavuta mimi. Nikamwambia mimi si sungusungu, na ni mwanamke, na nina duka. Akasema sheria inataka upinde uvutwe mbele ya watu, haijasema na nani, na duka linaweza kufungwa. Nadhani alitaka watu wautazame upinde wasimtazame yeye. Sikuwa na moyo wa kukataa.

Uwanja ulijaa. Vijana walivuta, wakapigiwa makofi. Ilipofika zamu yake, Kamanda alitembea moja kwa moja mpaka benchini, akakaa kwenye ncha kabisa, na kati yake na Shemeji pakabaki nafasi ya kutosha mtu mnene. Shemeji alitazama mbele. Nami nikaingia katikati, nikapachika mshale, nikavuta, nikapita, nikatulia. Kamanda akaanza hotuba.

Nasema kweli, akiwa amekaa, hotuba ilikuwa ndefu kuliko zote. Alipitia doria, mashamba, fisi, vyoo, na watoto wanaotoroka shule kwenda kuokota mawe ya dhahabu kule Geita. Mimi nimesimama, mkono umetulia, kwa sababu ndivyo upinde ule ulivyo. Ndipo nikaanza kusikia minong'ono. Mwanamke aliyevunjika bega. Hatetemeki. Halafu sauti ya mwanamume mmoja ikasema waziwazi, "Huyu naye ameshapewa ile dawa."

Nikaogopa. Kwetu mwanamke akishasemwa ana dawa, wateja wanahamia duka jingine, watoto wake wanakosa wa kucheza nao, na hayo ndiyo mepesi. Kuna mengine siyaandiki. Nilimwona mama mmoja ninayemuuzia oili kila juma akimvuta mtoto wake nyuma. Sikuweza kugeuka, maana nimevuta. Jasho likaniingia machoni.

Hotuba ikakatika katikati ya vyoo.

"Mama Kulwa, rudisha," Kamanda akasema.

Nikarudisha. Ule uzito ulipokuja niliupokea kwa mgongo, ugwe ukalala, nikautoa mshale. Kamanda alikuwa amesimama. Akasema hakuna dawa. Akasema ni magurudumu. Ukishavuta mpaka mwisho, yanakubebea, na mtoto anaweza kushika. Mama Kulwa anashikiwa na magurudumu, na yeye Kamanda miaka yote hii alikuwa anashikiwa na magurudumu, kule Isaka na hapa uwanjani. Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyosoma majina ya waliokosa doria, na la kwake likiwemo.

Ndipo Shemeji akainuka. Akaja mpaka kwangu, akautoa upinde mikononi mwangu bila kuniomba, akauvuta hivyo hivyo, mtupu, kwa vidole. Uso ulikunjana, nikadhani hapiti. Akapita. Akapepesuka kama tulivyopepesuka sote, kisha akasimama na ugwe shavuni, mzee aliyekaa benchini miaka sita, na uso wake ukafunguka taratibu. Akashika. Akatazama watu. Akaendelea kushika.

Halafu akafanya kama kila mtu wa kwetu anavyofanya akiridhika na upinde. Akainamisha sikio, auachie ausikilize.

"Usiachie," Kamanda akasema.

Vidole vikabaki vimefumba. Shemeji hakujua kurudisha, angejulia wapi? Kuachia hawezi, kurudisha hajui, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuchoka. Nilikuwa karibu kuliko wote lakini sikusogea. Kamanda alivuka uwanja, akasimama nyuma ya Shemeji, akapitisha mikono yake kando ya mikono ya mwenzake, akaweka vidole juu ya vidole. Akamwambia polepole, usiukimbize, uzito unakuja, upokee kwa mgongo. Ulipokuja, wote wawili walisukumwa hatua moja mbele, wakaguna, wakasimama. Ugwe ukalala.

Walibaki hivyo kidogo, kama watu waliosahau wanachoshika.

"Ulikuwa mwepesi namna hii miaka yote?" Shemeji akauliza.

"Pale mwisho, ndiyo."

"Na wangu ukauita wa kuchezea watoto."

"Niliuita," Kamanda akasema. "Nilikosea, Shemeji."

Shemeji akanirudishia upinde. Akatembea mpaka benchini, akakaa, akajisogeza mpaka bega lake likagusana na la mzee wa upande wa pili, kisha akaweka kiganja juu ya mbao pale palipobaki wazi. Kamanda alisimama akipatazama, amekaza macho kama alivyoitazama ile rangi nyekundu asubuhi. Akavua kizibao cha njano, akakikunja, akaenda akakaa pale.